Salamu za Lusajo

Toleo la kumi na mbili la programu ya simu za Mbayuwayu lilitoka Jumatatu, na maelezo yake ya Kiswahili aliyaandika Subilaga Mwambene, akiwa ofisini kwake Dodoma, akiwa na mafua. Betri sasa itadumu zaidi. Kamera haitawang'arisha watu sura bila kuombwa. Tatizo la kengele kulia siku za sikukuu limerekebishwa. Halafu, chini ya vitu vipya, kulikuwa na kile alichokihangaikia mwaka mzima: "Mwitikio. Simu yako itawasalimu wale unaowasalimu kila siku, kwa sauti yako, na kuwaitikia wanapokusalimu. Huna haja ya kufanya chochote."

Sentensi ya mwisho aliipenda. Mkuu wake, Bi Nyemo Chilongani, naye aliipenda, akasema hiyo ndiyo itakayouza simu.

Anayeshangaa kwa nini kitu kama hicho kilitengenezwa, basi hana shangazi. Salamu zetu si neno moja. Unaulizwa ulivyoamka, wenzako walivyoamka, mvua, mifugo, na ule mguu uliokuwa ukiuma. Na huwezi kujibu kwa mkato, maana kabla ya jioni utasikia kwamba mjini umeanza kuringa. Wahandisi wa Mbayuwayu waligundua kwamba maneno mengi yanayopita kwenye simu asubuhi hayana habari yoyote ndani yake. Basi Mwitikio ulipewa maongezi ya nyuma yaliyohifadhiwa katika kila simu, ukajifunza jinsi mwenyewe anavyomsalimu kila mmoja, utani wake, kikohozi chake na mahali anapochekea. Ukaruhusiwa salamu tu. Mtu akileta habari, unasema, "Ngoja nikupigie baadaye," kisha unamwekea mwenye simu alama ya buluu ili akumbuke kupiga.

Wafanyakazi walipewa mapema ili waujaribu. Kwa hiyo tangu masika yaliyopita, Subilaga alipokuwa akipiga pasi asubuhi, simu yake pale mezani ilikuwa ikimsalimu baba yake kule Tukuyu. "Ugonile, tata," ilisema kwa sauti yake mwenyewe, kama watoto wa Kinyakyusa wanavyomwamkia baba, na mzee akajibu, "Ndaga," na Subilaga akageuza kola. Mwanzoni alikuwa akisikiliza na kutabasamu. Baadaye hakusikiliza tena. Alipofika kazini alikuwa amekwisha kumsalimu baba, shangazi, na hata mama wa mume aliyeachana naye, ambaye hakuwa na ulazima naye. Alama za buluu zilikuwa zikirundikana, naye kila mara alikusudia kuzipitia mwisho wa wiki.

*

Wiki chache kabla toleo hilo halijawafikia watu wote, nyumba yao ilipata msiba. Lusajo, mdogo wake Subilaga, fundi wa umeme wa jua huko Songea, aliteleza juu ya paa la ghala akaanguka, na hakufika hospitali akiwa hai. Wakati huo baba yao, Mzee Angolile, bwana mifugo mstaafu, alikuwa amelazwa Mbeya, kifua kikiwa na nyuzi mbichi, moyo umetoka kufunguliwa na kufungwa. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua kama wanavyoamua siku zote, kwamba mgonjwa asiambiwe. Lusajo akazikwa Songea kwa wakwe zake. Mzee akaambiwa kijana amepelekwa kazi mpakani ambako mtandao ni wa shida. Subilaga alihudhuria mazishi akarudi Dodoma moja kwa moja bila kupita Mbeya, maana uso wake ungetoa siri.

Aliyerudi na simu ya marehemu ni Shangazi Tupokigwe, dada wa mzee, anayekaa naye Tukuyu. Kwao simu ya marehemu haizimwi mpaka watu wote wa mbali wasikie. Yuko rafiki ambaye hajapata habari, na siku akipiga ni lazima amkute mtu wa kumweleza na kumpa pole. Kuizima mapema ni kumfungia mgeni mlango akiwa bado njiani. Basi Shangazi aliiweka ndani ya sanduku lake la nguo, akatoboa tundu nyuma ya sanduku apitishe waya wa chaji, akaifunika na kitenge mzee asije akaiona. Ilipoita, alijifungia chumbani akapokea kwa kunong'ona.

Toleo la kumi na mbili liliikuta simu humo humo sandukuni, ikiwa na chaji ya kutosha na maongezi ya miaka ya Lusajo na baba yake. Nayo haikuwa na haja ya kumwuliza mtu.

Jumatano Shangazi alimpigia Subilaga, naye alipokea mwenyewe kwa kuwa ilikuwa mchana. Shangazi alikuwa akihema. Alisema asubuhi alitoka na kikombe cha uji akamkuta mzee ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya zizi, simu sikioni, akicheka huku ameshika kifua. Alipomwuliza anaongea na nani, mzee akasema ni Lusajo, mtandao wa mpakani umepona. Shangazi alikaa chini kwenye tope na uji wake.

"Nimefungua sanduku, Suba," akasema. "Simu ilikuwa ya moto. Kwenye kioo imeandikwa kwamba imeongea na Baba."

Subilaga alimweleza kwamba si mzimu. Alieleza Mwitikio ni nini, na jinsi unavyojifunza, na kwamba hakuna mtu ndani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kama ni mzimu au si mzimu, yeye hayo hayamhusu. Linalomhusu ni kidani. Madaktari walimvisha mzee kidani chenye taa kinachosoma moyo: kijani ni salama, njano ni mashaka, nyekundu ni mbio za hospitali. Tangu atoke Mbeya kilikuwa njano kutwa, mzee akisukuma sahani na kuuliza kwa nini kijana hapigi. Sasa kilikuwa kijani, na mzee alikuwa amemaliza ndizi zote akaomba maziwa.

"Sasa hebu niambie," Shangazi akasema. "Hiyo simu nikiizima, nitakuwa nimefanya nini?"

Subilaga alimwonea shangazi yake huruma na kujiogopa mwenyewe kwa pamoja.

*

Alipiga namba ya Lusajo akiwa kwenye ngazi za ofisi, watu wote wakiwa wamekwenda kula. Alijiambia anakagua ubora wa kazi. Simu iliita mara moja tu.

"Dada mkubwa," Lusajo akasema. "Vumbi la Dodoma halijakumaliza?"

Ndivyo alivyoanza siku zote tangu Subilaga ahamie huko. Kulikuwa na kile kicheko cha puani mwishoni, na nyuma yake upepo kidogo, kama mtu aliyesimama mahali palipo wazi. Subilaga aliujua upepo ule. Aliupendekeza yeye, baada ya watu waliojaribu sauti kulalamika kwamba ukimya wa Mwitikio unasikika kama wa chumba kisicho na madirisha. Kujua hakukumsaidia. Akakaa kwenye ngazi.

"Halijanimaliza," akasema. "Umeamkaje?"

"Nimeamka, dada. Nipo nipo tu."

"Uko wapi, Lusajo?"

Ukapita ukimya mfupi wenye upepo. Swali lile halikuwa salamu.

"Ngoja nikupigie baadaye," Lusajo akasema kwa upole, na simu ikakatika.

Kwenye kioo chake pakatokea maandishi madogo ambayo Subilaga mwenyewe ndiye aliyeyaandika: Lusajo amekumbushwa kukupigia. Alilia pale kwenye ngazi, si sana, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kurudi kutoka kula.

*

Hawakuwa peke yao. Bi Nyemo, mwanamke mtaratibu asiyependa vikao, aliitisha kikao. Malalamiko yalikuwa yamefika kutoka kila upande wa nchi. Kasulu kulikuwa na mjane ambaye mumewe humwambia kila asubuhi kwamba amefika kazini salama. Babati mzee mmoja alisalimiwa na mkewe akiwa ameketi kwenye matanga ya mke huyohuyo. Kumbe nchi nzima watu huacha simu za marehemu zikiwa hewani, jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelifikiria, kwa sababu wahandisi huandika programu kwa ajili ya watu walio hai. Lakini si wote walilalamika. Wengine walishukuru. Mjane wa Kasulu aliandika kuomba kisiguswe kitu.

Dawa zilikuwa mbili. Simu humjua mwenyewe kwa mkono: jinsi anavyoishika, anavyotembea nayo, damu inavyopiga kwenye kidole gumba. Dawa ya kwanza ilikuwa kwamba mkono huo ukikosekana kwa wiki nzima, Mwitikio unyamaze wenyewe, kila mahali, bila kuuliza. Ya pili ilikuwa kuwauliza wafiwa kama wanataka uendelee. Bi Nyemo alielekea ya pili. Alisema si kazi ya kampuni kuwaambia watu namna ya kuomboleza.

Subilaga alisema kwamba wafiwa wataulizwa, na atakayejibu atakuwa shangazi, na hajazaliwa shangazi atakayebonyeza kitufe cha kuzima. Anayesalimiwa ndiye ambaye hataulizwa. Yeye ndiye anayeamka asubuhi akampa marehemu habari za mguu wake.

"Baba yako yumo katika hao?" Bi Nyemo akauliza, maana habari za ofisini huwa hazilali.

"Yumo."

"Basi amua wewe. Wewe ndiye uliyeufundisha Kiswahili. Mimi nitasaini."

Subilaga alichagua dawa ya kwanza. Aliandika maelezo yake: "Tumerekebisha tatizo ambapo baadhi ya salamu ziliendelea bila mwenyewe." Marekebisho yangewafikia watu alfajiri ya Jumamosi. Aliomba ruhusa, akapanda basi la Ijumaa kwenda Tukuyu, ili baba yake aambiwe na mtu kabla hajaambiwa na ukimya. Shangazi alipopewa taarifa hakupaza sauti. Alisema tu, "Utamuua baba yako kwa ajili ya programu," akakata simu.

Njia nzima Subilaga alikuwa akiiona ile taa ya kidani ikigeuka nyekundu. Alikuwa na hakika kwamba ametenda haki, na hakika hiyo haikumpunguzia hofu hata kidogo.

*

Alifika jioni, mvua ya Tukuyu ikinyesha kwa ile subira yake, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mzee Angolile alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale, na kidani shingoni kiliwaka kijani. Alimtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu, kuliko ilivyo kawaida kwa mtu anayekaribisha mgeni, kisha akasema karibu ndani.

Kila Subilaga alipofungua kinywa kuanza habari yenyewe, Shangazi aliingia na chakula. Aliingia na ndizi za nyama, na maziwa, na maharage ambayo hakuna aliyeyaomba, akasimama katikati yao na sufuria kama askari. Mwishowe mzee aliaga akaenda kulala. Subilaga alipewa kitanda chumbani kwa Shangazi. Chumba kilikuwa na soketi moja tu, nyuma ya sanduku, basi alichomeka simu yake hapo akaiweka juu ya kifuniko. Kupitia tundu la waya aliona mwanga mdogo ndani, chini ya kitenge, ukiwaka na kufifia taratibu. Aligeukia ukutani. Shangazi naye alichelewa kulala.

Alipoamka kulikuwa kumekucha na tundu lilikuwa jeusi.

Alitoka bila viatu. Baba yake alikuwa zizini tayari, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, maziwa yamekwisha kukamuliwa, simu juu ya goti. Ilikuwa simu ya zamani isiyokubali matoleo mapya, kwa hiyo mzee alipokea mwenyewe kila aliyempigia. Ng'ombe alikuwa akitafuna. Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko, macho kwenye kidani. Simu haikuita. Mzee aliitazama, akatazama njia, akaitazama tena, na taa shingoni mwake ikageuka njano.

Subilaga alipiga magoti kwenye majani yenye umande mbele ya baba yake.

"Baba, nina habari ya Lusajo."

"Ninayo," mzee akasema.

Subilaga aliinua uso.

"Niliijua siku ile ya kwanza aliyopiga. Lusajo hajawahi kuningoja nimalize kusema tangu ajue kuongea. Ukianza habari ya ng'ombe, yeye amekwisha kufika kwenye maziwa. Asubuhi ile nikamweleza mguu wangu unavyouma. Akanyamaza akaningoja mpaka mwisho. Nikajua mwanangu hayupo." Aliipapasa simu kwa kidole gumba. "Halafu Tupokigwe akaanza kunipikia nyama kila siku. Mgonjwa wa moyo nani humpa nyama kila siku?"

Kule jikoni Shangazi alijifunika uso kwa kitenge.

Subilaga alimwuliza kwa nini hakusema. Mzee alisema angesemaje, na dada yake alikuwa ameanza kupata usingizi. Aliwaacha wamfiche kwa kuwa walikuwa wanamficha kwa upendo. Alimlilia Lusajo hapo hapo zizini, na ng'ombe. Na asubuhi simu ilipoita aliendelea kuipokea, kwa sababu maneno hayakuwa ya mtu lakini sauti ilikuwa ya mwanawe; aliyaacha maneno yapite akawa anaisikiliza sauti.

"Mimi ndiye niliyeizima," Subilaga akasema.

"Umefanya vizuri. Aliyekufa aachwe apumzike."

Wote watatu walikitazama kidani. Kilikaa njano, kikakaa njano, kisha taratibu kikarudi kijani. Subilaga aliweka kichwa kwenye goti la baba yake akalia kwa sauti, kilio alichokibana tangu Songea, na ndani ya kilio kile kulikuwa na nafuu kubwa. Aliogopa kumuua baba yake kwa ukweli, na baba yake alikuwa ameishi nao muda wote ule. Alipopangusa uso alisimama akamshika mkono, akasema twende ndani tukanywe chai.

Mzee hakuinuka.

"Bado mmoja," akasema.

Simu ikaita juu ya goti lake. Subilaga aliona picha kabla hajasoma jina, na picha ilikuwa yake. Akajipapasa mfukoni. Simu yake ilikuwa chumbani, kwenye chaji, juu ya sanduku. Mkono wake ulikuwa umeishika jana usiku, basi marekebisho hayakuwa na neno nayo. Na hakuna aliyewahi kuufundisha Mwitikio kuuliza kwanza kama mtu yuko nyumbani kwao.

Mzee alipokea akaweka sauti ya juu.

"Ugonile, tata," Subilaga akasema kutoka kwenye simu, kwa uchangamfu. "Umeamkaje? Mguu haujambo?"

Mzee hakuiitikia. Aliongea na yule aliyesimama mbele yake, polepole, bila ukali.

"Huyu naye huningoja. Alianza kabla sijaenda hospitali. Siku ya kufunguliwa kifua aliniuliza nimeamkaje, nikamwambia, mwanangu, naogopa kufa. Akasema atanipigia baadaye."

Subilaga alikumbuka alama za buluu. Alikumbuka jinsi zilivyorundikana, na jinsi alivyokuwa akizifuta zote kwa pamoja kila zilipozidi.

"Lusajo nilimlilia, kwa kuwa amekufa," baba yake akasema. "Wewe sikujua nikufanyeje."

Akamnyooshea simu.

"Mwitikie wewe."

Aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Aliisogeza karibu na kinywa. Sauti yake mwenyewe ilikuwa bado hewani, upepo kidogo ukivuma nyuma yake, ikingoja kwa adabu mtu amalize kusema.